Maua Yalinyweshwa, Mikono Ikasubiri

Aliyesoma shule ya msingi ya serikali hapa Tanzania hana haja ya kuelezwa habari ya kidumu na ufagio. Bila hivyo viwili hupiti getini. Kidumu chenyewe kilikuwa cha mafuta ya kula, lita 3 au 5, mshikio wake umekatika ukafungwa kamba ya katani, mdomo umezibwa kwa gunzi la hindi kwa sababu kifuniko kilipotea siku ya pili. Mwalimu wa zamu alisimama na fimbo yake akitazama: mwenye maji apite, mwenye kidumu kitupu akae pembeni. Tulipokwisha kupita, maji yale tuliyoyabeba kutoka nyumbani, mengine yamenunuliwa, tuliyamwaga kwenye maua.

Maua ya mbele ya ofisi ya mwalimu mkuu yalistawi kweli. Nyuma ya madarasa kulikuwa na choo, na katika miaka yangu yote 7 pale sikumbuki kuona hata kopo moja la maji ya kunawa. Hakuna aliyeona ajabu. Ukaguzi wa usafi ulikuwa Jumatatu asubuhi, mstarini: kucha, meno, kola ya shati, nywele. Sisi wenye kucha ndefu tulizitafuna upesi upesi mwalimu akiwa bado mstari wa mbele. Kwa kuogopa bakora ya usafi, tulimeza kila kilichokuwa chini ya kucha.

Nimeyakumbuka hayo hivi karibuni nilipokaa nusu siku katika shule moja ya uswahilini, Dar es Salaam, kumtazama mwalimu wa afya akifundisha darasa la pili kunawa mikono. Nilitarajia ubao na chaki. Hakuandika neno. Aliwapaka watoto wanne mafuta ya kupikia viganjani, akawanyunyizia masizi aliyokwangua kwenye sufuria. Wawili wakanawa kwa maji matupu, wawili kwa maji na sabuni. Wale wa maji matupu walisugua mpaka wakachoka, masizi yakazidi kusambaa na kupanda hadi vifundoni. Wa sabuni, viganja vikatakata. Darasa zima likapiga kelele. Ndipo akawaeleza kuwa vijidudu navyo hushikana na mafuta ya ngozi kama masizi yale, tofauti ni kwamba havionekani, na kwamba sabuni ndiyo inayoving'oa, maji kazi yake ni kuvibeba.

Halafu akawauliza wanafunzi hao ni wakati gani wanapaswa kunawa. Mikono yote juu. Kabla ya kula, mwalimu! Baada ya kutoka chooni, mwalimu! Mmoja akaongeza baada ya kumtawaza mtoto, na jibu hilo nitalirudia. Kengele ya saa nne ikalia. Watoto wakatoka mbio, wakampita mbio mwalimu wao, wakazipita mbio ndoo mbili zenye koki zilizokuwa kando ya ukuta, wakaenda kumzunguka mama muuza mihogo. Walionawa walikuwa wachache kiasi kwamba niliweza kuwahesabu.

Kosa ambalo sisi waandishi, na wafadhili, na wazungumzaji wa semina, tumelirudia kwa miaka mingi ni kudhani kuwa mtoto wa mtaa maskini hajui. Anajua. Amekwisha kuimbishwa, kuchorewa, kutungiwa igizo. Tarehe 15 Oktoba ya kila mwaka, Siku ya Kunawa Mikono Duniani iliyoanza mwaka 2008, anavalishwa fulana inayomfika magotini na kupigwa picha akinawa mbele ya mgeni rasmi. Kesho yake beseni la mgeni rasmi limeondoka.

Kiswahili chenyewe kimemfundisha kabla hata hajaenda shule. Mkono wa kulia unaitwa hivyo kwa kuwa ndio wa kulia chakula. Wa kushoto una kazi nyingine, na kila mtoto wa Kiswahili anaijua kazi hiyo kabla ya kujua kuhesabu. Katika nyumba zetu mtoto ndiye aliyepitisha birika na beseni kuwanawisha wageni, akianzia kwa wakubwa. Ila hapo hapo palikuwa na mwanya: wengi wetu hatukuwa na birika, tulikuwa na bakuli moja la maji lililozunguka mkekani, kila mtu akichovya. Baba alipata maji safi, na mimi mdogo wa mwisho nilipata mchuzi wa mikono ya ukoo mzima. Tulikuwa na adabu ya kunawa. Maji ya kutiririka ndiyo hatukuwa nayo.

Tufanye hesabu kidogo, maana hapa ndipo mambo yanapokwamia. Chukua shule yenye watoto 1,000, na uswahilini hiyo si kubwa, hasa tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016 na madarasa ya kwanza yafurike. Kunawa vizuri ni sekunde 20, na kupokezana foleni weka sekunde 10. Kwa koki moja, watoto 1,000 watahitaji sekunde 30,000, yaani saa 8 na dakika 20. Mapumziko ni nusu saa. Kwa ndoo mbili kama nilizoziona, zaidi ya saa nne. Ili wote wanawe ndani ya dakika 25 zinatakiwa koki 20. Mtoto anayezipita mbio ndoo mbili kwenda kwenye mihogo ameshapiga hesabu hiyo kichwani, na jibu lake ni sahihi kuliko la mwandishi wa mtaala.

Sasa maji. Kwa koki nyembamba mtoto anaweza kunawa kwa robo lita. Mara mbili kwa siku, chooni na kabla ya kula, ni lita 500, au madumu 25 ya lita 20. Panapokuwa na bomba la uhakika, hilo ni jambo dogo. Panapotegemewa mkokoteni, kila dumu lina bei yake, na bei hiyo hupanda siku mgao unapokuwa mbaya. Lakini angalia: watoto 100 wenye vidumu vya lita 5 wanaleta lita 500 hizo hizo. Darasa moja au mawili kwa zamu, kila siku. Maji yalikuwepo wakati wetu, yaliingia getini kila asubuhi mabegani mwetu, yakaenda kwenye michongoma na mawaridi.

Sisemi watoto waendelee kubebeshwa maji. Maji ya kidumu ni maji ya mama, ameyanunua au ameyasubiri bombani usiku wa manane, na anayetumwa kuyachota mara nyingi ni mtoto wa kike. Paa la madarasa lenye mita za mraba 200, ikinyesha milimita 10 tu, linakusanya hadi lita 2,000, mahitaji ya siku nne za shule yetu ya mfano. Dar es Salaam ina masika na ina vuli. Shule ngapi zina mfereji wa bati ukingoni mwa paa na tangi chini yake, na ngapi mvua inadondoka tu na kuchimba makorongo uwanjani? Tembea uone.

Sabuni ni kisa kingine. Kila mwalimu niliyewahi kuzungumza naye kuhusu jambo hili ana hadithi ya sabuni iliyopotea. Mche unakatwa vipande asubuhi, adhuhuri havipo. Watoto wanavibeba kwenda nyumbani, na ukiwafuata unakuta mama amefulia sare ya mtoto huyo huyo. Huo ni wizi gani? Nyumbani mche wa sabuni una foleni yake: nguo kwanza, vyombo, kuoga, na mikono inakuja mwisho kama inakuja. Baadhi ya walimu wametia kipande ndani ya soksi kuukuu wakakifunga kwenye koki, mtoto anasugua juu ya soksi. Njia iliyo rahisi zaidi imejaribiwa sana Bangladesh na Kenya: gramu 30 za sabuni ya unga ndani ya chupa ya lita 1.5 ya maji, ukatikisa, ukatoboa kifuniko. Mtoto anabonyeza chupa, matone machache yanamtosha. Chupa ya maji ya sabuni haimvutii mtu kuibeba, na chupa tupu zipo barabarani bure.

Na kuna kibuyu chirizi, ambacho nakiona ni moja ya vitu vya maana zaidi vilivyopata kubuniwa katika bara hili. Asili yake ni Zimbabwe ya miaka ya 1980, kikiwa kibuyu kweli. Kwetu kimekuwa kidumu kile kile cha mafuta. Unasimika miti miwili yenye panda, unalaza ufito juu, unaning'iniza kidumu chenye tundu dogo, unafunga kamba kutoka mdomoni hadi kwenye kijiti kilicholala chini. Unakanyaga kijiti, kidumu kinainama, maji yanachirizika. Mkono haugusi kitu. Fundi wake anaweza kuwa mtoto wa darasa la tano, na akishakijenga yeye hakubali mtu akivunje. Wakati wa korona, mwaka 2020, mtoto wa miaka 9 wa Bungoma nchini Kenya alitengeneza cha mbao chenye kanyagio kwa kufuata mantiki hiyo hiyo, akapewa tuzo ya Rais.

Kama kuna anayeona kuwa sabuni ni jambo dogo la kuandikia makala, aangalie Karachi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti walikwenda kwenye makazi duni ya jiji hilo la Pakistani, wakagawa sabuni bure na kuzitembelea familia kila wiki kuhimiza kunawa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2005: watoto wa chini ya miaka 15 katika nyumba zile walipungukiwa na kuhara kwa asilimia 53, na walio chini ya miaka mitano wakapungukiwa na nimonia kwa asilimia 50. Nimonia, ugonjwa ambao wengi wetu tunaulaumia upepo na kifua wazi. Na sabuni ya kawaida ilifanya kazi sawa na ile ya bei kubwa iliyotiwa dawa ya kuua vijidudu, jambo ambalo matangazo ya televisheni hayalisemi. Kuhara bado kunaua zaidi ya watoto 400,000 wa chini ya miaka mitano duniani kila mwaka.

Tazama tena, hata hivyo, masharti ya Karachi: sabuni bure, mgeni kila wiki. Siku mgeni akiacha kuja? Swali hilo limewasumbua wataalamu, na majibu mawili yamenivutia.

La kwanza limetoka shule mbili za Bangladesh. Watafiti hawakufundisha kitu. Walijenga kijia cha saruji kutoka chooni hadi mahali pa kunawia, wakakipaka rangi kali, wakachora nyayo juu yake, na pale mwisho wakachora viganja. Basi. Kabla ya hapo, watoto walionawa kwa sabuni baada ya kutoka chooni walikuwa asilimia 4. Siku iliyofuata wakawa 68, na wiki sita baadaye 74. Mtoto akiona nyayo chini ataweka zake juu. Huo ni mchezo, wala hauhitaji semina. Ukitaka kujua kama utafanya kazi uswahilini Tandale, chora mistari ya mchezo popote uwanjani uone watoto watakavyofika kabla rangi haijakauka.

La pili linahusu kinyaa. Mwanasayansi wa Uingereza, Valerie Curtis, aliyefariki mwaka 2020, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuchunguza kwa nini binadamu hujikunyata mbele ya kinyesi, makamasi na funza, na akashikilia kuwa hisia hiyo inamwosha mtu mikono kuliko hofu ya ugonjwa. Katika vijiji vya Andhra Pradesh, India, yeye na wenzake walitumia filamu na maigizo yenye mpika vitamutamu mchafu wa kutapisha, na upande wa pili mama anayelea mwanawe kwa adabu. Magonjwa hayakuhubiriwa. Miezi sita baadaye walionawa kwa sabuni walikuwa asilimia 37, na vijiji ambavyo havikuwa vimefikiwa vilikuwa na 6.

Kinyaa ni neno ambalo mtoto wa Kiswahili analijua tumboni. Ila naomba tahadhari, maana ni kisu chenye makali pande mbili. Ukaguzi ule wa mstarini nao ulikuwa unatumia kinyaa. Aliyeitwa mbele kwa kola nyeusi hakuwa mtoto mvivu, alikuwa mtoto ambaye kwao sabuni iliisha tangu Alhamisi. Nakumbuka mmoja aliyekuwa na upele. Tulimwita jina ambalo sitaliandika hapa, akaacha kuja shule kwa muda, na hatukuulizana alikokwenda. Mwalimu anayetaka kutumia kinyaa akielekeze kwenye kinyesi, kwenye nzi, kwenye muhogo ulioguswa. Akikiacha kizunguke darasani bila mwelekeo, kitamtafuta aliye maskini kuliko wote.

Sasa nirudi kwa yule aliyesema baada ya kumtawaza mtoto. Alikuwa binti wa miaka minane hivi. Jibu hilo halikutoka kwenye kitabu. Katika nyumba nyingi za uswahilini mama anaondoka alfajiri kwenda sokoni au kwenye nyumba za watu, na dada wa darasa la pili au la tatu ndiye anayebaki na mdogo wake jioni: anamlisha, anambeba, anamtawaza. Tunamfundisha binti huyo kunawa kana kwamba ni mlaji tu, wakati yeye pia ni mlezi, na mara nyingine mpishi. Wahenga wanasema mtoto akinyea kiganja hakikatwi. Methali hiyo ni ya kusamehe, lakini nadhani imetuachia pia uzembe fulani, kwamba kinyesi cha mtoto si uchafu wa kweli, kinafutwa kwa kitenge maisha yakaendelea. Ukweli ni kwamba kinyesi cha mtoto mdogo mara nyingi hubeba vijidudu vya kuambukiza kuliko cha mtu mzima. Kiganja kisikatwe, ila kisikae bila sabuni.

Nyumbani kwenyewe kuna mambo ambayo mtoto hawezi kuyashinda kwa mikono miwili. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford waliopima mikono na maji katika nyumba za Dar es Salaam waliona maji yanachafuka zaidi yakishafika ndani kuliko yalipochotwa: kata inazama ndooni, na mkono unazama pamoja na kata. Mvua kubwa zikija, wapo wanaotapisha vyoo, wanafungua shimo usiku mafuriko yabebe, na asubuhi watoto wanacheza mpira juu ya uchafu huo. Agosti 2015, kipindupindu kilipoibuka Kinondoni na kusambaa hadi mikoani na Zanzibar, hakikuibuka kwa sababu watoto hawakuujua wimbo wa kunawa.

Ndiyo maana sikushangaa sana na habari za Kenya magharibi. Utafiti mkubwa uliofanyika Kakamega, Bungoma na Vihiga, ukachapishwa mwaka 2018, ulihimiza kunawa mikono kwa sabuni, ukajaribu vyoo bora na maji yaliyotibiwa, kimoja kimoja na kwa pamoja. Kuhara kwa watoto hakukupungua. Wenzao wa Bangladesh, kwa mpango huo huo, walipata nafuu. Wataalamu wanaendelea kubishana. Mimi nasoma humo kwamba sabuni inayotegemea mtembeleaji hupungua nguvu kadiri mtembeleaji anavyopungua, na kwamba mikono safi ndani ya uwanja wenye kinyesi cha kuku na cha watu inafanya kazi ya kufuta sakafu paa likivuja. Haimaanishi uache kufuta.

Kampeni tumekuwa nazo, tena nzuri. Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya watu kwenye redio wakachimba vyoo. Nyumba ni Choo imefanya suala la choo lizungumzike bila aibu. Halafu ikaja korona, na kwa miezi michache ya mwaka 2020 nchi hii ilinawa kama haijawahi kunawa: dukani ndoo, stendi ndoo, saluni ndoo, mlangoni kwa fundi cherehani ndoo. Shule zilipofunguliwa Juni, watoto walikuta ndoo na sabuni ya maji. Nilidhani hiyo imekuwa desturi. Leo ndoo nyingi za wakati ule zimeng'oka koki na zinahifadhia mkaa.

Mbili nilizoziona kwenye shule ile zilikuwa za kipindi hicho. Zilikaa juu ya stendi ya chuma iliyopimwa kwa mtu mzima, koki usawa wa kidevu cha mtoto wa darasa la kwanza, na mtu mwenye busara alikuwa ameweka tofali chini. Nilisimama pale mapumziko yakiendelea. Kijana mmoja mdogo, mmoja wa wale wa masizi, aliacha foleni ya mihogo akarudi, akasubiri zamu yake, akapanda tofali. Alifungua koki kwa kiwiko, akakinga mkono wa kulia, akausugua kwenye soksi ya sabuni kwa makini kabisa, kidole kwa kidole, huku midomo ikihesabu. Wa kushoto aliuweka mbali na maji, umefumbwa kabisa. Nilimuuliza kwa nini hanawi wote miwili. Akaufumbua kidogo nione: sarafu ya shilingi 100. Mfuko wa kaptula yake ulikuwa umetoboka.